Mti wa Kileleni

Binti yangu mkubwa ndiye aliyeleta habari. Mwalimu wao aliwapeleka Musoma, na huko, karibu na ziwa, wakakuta ofisi ya utamaduni imejengesha nyumba za zamani za makabila ya mkoa wetu, watu waje waziangalie. Aliporudi akamwambia mama mkwe wangu, “Bibi, kuna nyumba kama ile ya baba.”

Mama mkwe akaacha kupepeta mtama. “Nipelekeni nikaione,” akasema.

Mimi nilitamani mtoto angenyamaza.

Kwetu, nyumba ya mwanamume ilikuwa na mti uliochomoza kileleni, juu ya nyasi. Ukiuona unajua mwenyewe yu hai. Akifa, mtu wa ukoo wake anapanda juu na kuuondoa, ndipo mjane ananyolewa na matanga yanakwisha. Mume wangu alifariki mwaka wa operesheni, tulipoambiwa wote tuhamie kijiji cha ujamaa kando ya barabara ya Bunda kabla mvua hazijaanza. Mama mkwe akaenda kwa miguu hadi Suguti kumwita baba mdogo wa marehemu, maana yeye ndiye aliyestahili kuuondoa. Kabla hawajarudi, mawingu yalifunga. Shemeji zangu wakaibomoa nyumba ili tuokoe nguzo na boriti. Paa lilianguka na mti wake.

Mama mkwe aliporudi aliuliza, “Mti uko wapi?” Nikamjibu, “Sijui, mama.”

Nilijua. Ule mti niliufunga pamoja na kuni nikaubeba kichwani hadi kijiji kipya. Usiku wa kwanza pale mvua ilitupiga, kila kuni ilikuwa imelowa, na watoto walikuwa wanalia njaa. Mti wa kileleni ulikuwa mkavu ndani, umekaushwa na moshi wa miaka. Niliupasua kwa shoka nikawasha moto.

Misimu mitatu ya kulima ikapita. Mama mkwe alikuwa akituma watu kwenye mahame yetu wakautafute vichakani. Hakutaka ninyolewe mpaka upatikane, nami sikuweza kumlaumu. Nilivaa nguo ileile nyeusi, sikuenda harusini, sikuingia nyumba yenye mtoto mchanga. Mtoto wangu mdogo akipata homa, nilikaa namtazama huku nikisema moyoni, ni ule mti. Sikumwambia mtu. Hata padri sikumwambia.

Basi tukaenda. Jumamosi moja lori la ushirika lilikuwa linapeleka pamba Musoma, dereva akatukubalia tukae juu ya magunia: mama mkwe, binti zangu wawili na mimi. Watoto waliimba njia nzima. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na kila tulipopita kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mstari, alisema, “Tazama, kama madawati.”

Mahali penyewe palikuwa na nyumba sita au saba ndani ya uzio wa minyaa. Mlinzi alikuwa mzee wa upande wa Butiama, mmoja wa waliozijenga, na watu wa huko ni watani wetu. Alipomwona mama mkwe akavua kofia.

“Karibu nyumbani, mke wangu. Umechelewa sana sokoni.”

“Mume gani wewe, usiye na hata ndama?”

“Ng'ombe wako malishoni.”

“Kwa hiyo zizi hili tupu ni la maonyesho tu, kama wewe.”

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshauona. Nyumba ya tatu ilikuwa yetu kabisa, mlango mfupi, ukuta uliopakwa samadi, na kileleni mti umesimama.

Mama mkwe naye aliuona. “Mwenye nyumba hii ni nani?” akamwuliza mzee.

“Serikali, mama.”

“Basi Mungu aizidishie umri,” akasema, akainama akaingia.

Ndani mlikuwa na giza la kawaida la nyumba zetu, ila hamkuwa na harufu ya moshi. Alishika nguzo ya kati. Aliwaonyesha wajukuu wake mahali pa ndama, mahali pa mitungi, na mahali kama pale alipozaliwa baba yao. Kisha akakaa chini penye mafiga yasiyo na jivu, akamwuliza mzee aliyesimama mlangoni, “Nyumba ikianguka na mti wake, inatengenezwaje?”

“Kwanza mti utafutwe,” mzee akasema.

“Nimeutafuta. Nimechoka kuutafuta.”

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, naye si mtu wa sauti ndogo. Sikuweza tena.

“Mama, usiutafute. Niliuchoma mimi.”

Mzee alitoka nje, nikamsikia anafagia mahali palipokuwa safi. Mama mkwe hakunitazama.

“Lini?”

“Usiku ule tulipohamia. Kuni zote zililowa.”

“Ulipika nini?”

“Ugali wa mtama. Na dagaa kidogo.”

“Watoto walikula?”

“Walikula, mama. Wakalala.”

“Na wewe?”

“Nilikomba sufuria.”

 Nje, mzee akashindwa kujizuia. “Kwetu sisi tunauchomaga, tena kwenye moto wa matanga!”

“Nani kakuita wewe? Fagia!” Lakini mama mkwe alikuwa amesikia. Alipitisha kiganja juu ya mafiga, polepole, kama mtu anayepima moto. “Basi aliwapikia,” akasema. “Mwanangu aliwapikia wanawe.”

Halafu akalia. Hakulia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuwaangalia. Mimi nililia naye, na binti yangu mdogo akaniuliza kama mzee yule ametupiga.

Tulipotoka aliniambia atamwita baba mdogo kutoka Suguti, nami ninyolewe kabla ya Jumapili ya wiki iliyofuata. Alisema pia kwamba kuchoma anaweza kunisamehe, ila ile “sijui” itamchukua muda. Ni kweli, ilimchukua muda. Miaka mingi baadaye akikasirika aliniita Bi Sijui, na nilikuwa naitika.

Jioni ile tulinunua sato wa kukaanga pale mwaloni, penye mitumbwi ya wavuvi, tukala kwa mikono juu ya karatasi. Lori lilirudi tupu, likiturusharusha. Nililala kwenye sakafu ya mbao tangu Musoma, sikujua tumepita wapi, mpaka mama mkwe aliponigusa bega. “Amka, mwanangu,” akasema. “Tumefika.”