Magego Bapa ya Watoto wa Mwabusiga

Domitila alikuwa mhudumu wa zahanati ya Mwabusiga, kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Nkololo. Sindano alichoma na vidonda alisafisha, lakini kazi aliyoipenda hasa ni ya meno. Aliisomea miezi mitatu tu, akarudi na kioo kidogo chenye mpini na daftari moja. Watu walimtania kwamba haitikii salamu ya mtu mpaka acheke kwanza, ayaone meno yake.

Mwaka 1976, pamba ikiwa imeshavunwa, Nyanjige alikuja na mwanawe Salu, mtoto wa miaka minne.

"Mwangaluka, nesi," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Domitila alimwitikia mama huyo. "Mtoto ana nini?"

"Maji ya baridi hayataki. Akinywa, anashika shavu na kulia."

Domitila alimkalisha mtoto mlangoni penye mwanga, kichwa kikiegemea mapaja ya mama yake. Akayafuta meno kwa pamba, akaingiza kioo. Hakuona tundu hata moja. Alichoona ni magego yaliyolala bapa, vilele vyote vimelika, na katikati rangi ya njano imejitokeza. Alikulia penye zizi, na meno ya namna hiyo aliyajua. Ng'ombe mwenye meno hayo hapati mnunuzi mnadani, kwa sababu ni mzee. Salu alikuwa bado ananyonya kidole.

Juma lililofuata aliwaita watoto wote wa chini ya miaka sita. Walikuja sitini na watatu, wengine wakiburutwa. Kila asubuhi, jua likishapanda, alikagua kumi. Ambaye vilele vya magego yake vilikuwa salama alimwandikia sifuri. Vilivyopungua, moja. Njano ikionekana, mbili. Jino lililobaki kisiki karibu na ufizi, tatu. Alijua meno ya utoto hulika kidogo kidogo mtoto anavyokua, kwa hiyo moja haikumshtua. Kilichomshtua ni kukuta mbili na tatu kwa watoto zaidi ya arobaini.

Hapo ndipo alipoharakisha. Mafunzoni aliambiwa kwamba vitu vikali huyala meno, na Wasukuma wengi hutia ukwaju kwenye uji. Basi kwenye mkutano wa kijiji alisimama akasema, "Akina mama, acheni kuwapa watoto uji wa ukwaju. Mwangalieni Salu wa Nyanjige, meno yamekwisha."

Watu wote waligeuka. Nyanjige aliinama, akamfunika mtoto kwa kanga. Mkutano ulipovunjika, alimfuata Domitila.

"Nesi, ukwaju kwangu haujaingia tangu tuhamie hapa. Mti wangu uko kule tulikotoka. Ungeniuliza kabla ya kunitaja mbele za watu."

Jioni hiyo Domitila alilifungua daftari na kusoma upya. Kama ni ukwaju, basi meno ya mbele nayo yangeyeyuka na kuwa membamba. Ya watoto hawa yalikuwa mazima kiasi. Kilichokwisha ni magego, meno ya kutafunia. Jambo hilo aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, asilione.

Kesho yake alikwenda kwa Nyanjige kuomba radhi. Nyanjige alimsikiliza bila kumkatisha, kisha akatenga ugali wa mtama na mlenda. Katika Usukuma, ukikasirikiwa hutengewi chakula, hivyo Domitila alinawa kwa moyo mwepesi. Tonge la pili lilimsimamisha. Kati ya meno yake kitu kilisaga, krrr, kama mtu anayekanyaga changarawe.

"Mayu, ugali wako una mchanga."

"Wa nani hauna? Tumeshauzoea."

Domitila aliomba unga kiganja kimoja, akautia kwenye bakuli la maji, akakoroga, akaumwaga taratibu. Chini ya bakuli pakabaki mchanga mwembamba wa kijivu. Wanawake hao wawili waliutazama.

"Jiwe lako la kusagia umelitoa wapi?"

"Kilimani pale nyuma ya shule. Linamong'onyoka, hata mikono linachubua. La zamani alilichonga mama mkwe, gumu kama chuma. Siku ya kuhama, lori lilijaa. Wakasema, mawe yako kila mahali."

Kwa siku nne Domitila alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali hilo moja. Wenye jiwe la kilimani, watoto wao walikuwa mbili na tatu. Nyumba tano zilizokuja na mawe yao ya zamani, watoto walikuwa sifuri au moja. Watoto wa Sadick mwenye duka, waliokula unga wa mashine kutoka Bariadi, walikuwa sifuri wote.

Alikwenda kwa Mwenyekiti Jilala kuomba mkokoteni wa ng'ombe wa kijiji, wanawake wakachukue mawe yao kwenye mahame, kule walikohama.

Jilala alikuna kidevu. "Dada Domitila, mahame hatuyarudii. Wilayani wakisikia, watasema watu wangu wanahama tena."

"Wanarudi jioni ileile, Ndugu Mwenyekiti. Meno ya watu wazima ni magumu, yanavumilia. Ya watoto hawa ganda lake ni jembamba." Akaweka mezani bakuli lenye ule mchanga. "Onja."

Jilala alichukua chembe kwa ncha ya kidole, akatafuna. Uso ukamkunjamana. Mkokoteni uliondoka Jumamosi, ukarudi na mawe kumi na moja, wanawake wakiimba nyuma yake.

Kwenye mkutano uliofuata Domitila alisimama tena. "Nilimsingizia Nyanjige. Kosa lilikuwa langu, na mchanga tumeugundua nyumbani kwake." Nyanjige, safari hii, hakuinama.

Meno ya Salu hayakurudi, maana jino likishalika limelika. Yalimsumbua mpaka yalipong'oka kwa wakati wake. Lakini mwaka wa pili baada ya mawe kuletwa, Domitila alimkagua mtoto wa miaka mitatu, binti wa Milembe, mmoja wa wanawake waliofuata mawe yao kwenye mahame. Alipopitisha kidole kwenye magego, mtoto alikerwa, akamuuma kwelikweli.

"Samahani, nesi!" Milembe alipiga kelele.

Domitila alikuwa anaangalia alama za vilele zilizobaki kwenye ngozi, nne, zimepangana vizuri. Akajifunga kitambaa kidoleni na kuandika sifuri.