Vidoti Walivyoviita Uchafu

Shangazi yangu huosha chupa za maabara, zile wanamooteshea bakteria. Mwaka wa kumi na tisa huu. Anazisugua, anazisuuza mara saba, ndipo anazichemsha kwa mvuke. Nyumbani vikombe anasuuza mara moja tu, anasema mkono nao ni wa mtu, unachoka.

Juzi Profesa, mkuu wa maabara hiyo, alimwita mbele ya wanafunzi. Kwenye hadubini, kati ya bakteria wake warefu, kulikuwa na vidoti vya mviringo.

"Mama Chupa, uchafu huu umetoka wapi?"

"Hebu nione."

"Utaona nini wewe? Barua ya kukuachisha kazi nimeshaandika. Mwisho wa mwezi unapumzika."

Shangazi alimsukuma kwa bega, akainama kwenye hadubini. Alikaa hapo mpaka mwanafunzi mmoja akakohoa.

"Uchafu hauzaliwi," alisema. "Mtazame huyu. Amebanwa huku mwishoni, kidoti kinamtoka. Si wewe unayewafundisha hawa? Bakteria ana protini inayokimbia ncha hii hadi ile, inazuia ukuta wa kumgawa usijengwe pembeni. Katikati haikai sana, ndiyo maana anakatikia katikati. Ikikosekana, anakatikia hata pembeni, kinadondoka kidoti kitupu, hakina vinasaba. Somo hilo nimelisikia mpaka nimelikinai."

"Profesa, hapo umepatikana," mwanafunzi mmoja alinong'ona.

"Maneno matupu," Profesa alisema. "Chupa zilikuwa chafu."

"Basi osha mwenyewe. Mara saba, nakuangalia."

Profesa aliosha, povu hadi viwikoni. Mara ya tano akataka kuiweka chupa chini.

"Bado mbili, baba."

Chupa ikachemshwa, bakteria walewale wakaoteshwa humo. Kesho yake vidoti vilikuwa vimejaa tele. Profesa alitazama muda mrefu.

"Kumbe mbegu yetu ya bakteria imebadilika," alisema. "Hii nitaiandikia ripoti. Haya, Mama Chupa, endelea na kazi."

Shangazi anatusimulia haya huku akimenya viazi, maganda yanaruka mpaka ukutani. Samahani hakupewa.

"Na barua?" Shangazi alimuuliza Profesa palepale maabara.

"Ipuuze tu."

"Uliigonga muhuri, nakala ikaenda utumishi. Andika nyingine. Na hawa waliosikia naitwa mchafu wakae, isomwe wakisikia."

Profesa aliandika kwamba kulitokea kutoelewana. Shangazi akamrudishia. Akaandika kwamba suala limekwisha. Akamrudishia tena. Ya tatu ilisema chupa zilikuwa safi, na kosa ni la Profesa. Ikasomwa. Shangazi akaipeleka utumishi mwenyewe, aproni ikiwa bado inachuruzika maji.