Herufi Nyuma ya Namba

Naitwa Odhiambo, wa Migori. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mtunza stoo kwenye machimbo ya dhahabu. Shule niliachia darasa la saba. Mengine nilijifunza kwa kusoma lebo za makasha. Kitu kikikaa ovyo silali.

Waliokuwepo kabla yangu waliweka baruti stooni, na fataki za kuilipulia kwenye shimo la mbali, kando ya kichuguu. Mimi niliona ni fujo. Makasha yote yalikuwa na alama ya rangi ya machungwa na namba 1.1. Nyuma ya namba, ya fataki yaliandikwa B, ya baruti D. Sikujua maana ya herufi hizo na niliona haya kuuliza. Nikayapanga pamoja, rafu moja.

Kaka yangu Ouma, mchimbaji, alicheka. "Omera, ndugu yangu, wewe hata chumvi utaiandikia namba."

Kesho yake asubuhi aliingia kuchukua fataki. Nilikuwa nje ya mlango na daftari langu. Nikasikia kasha likianguka.

Nilizinduka hospitalini, Homa Bay. Kiganja cha kushoto hakikuwepo. Sikio lilitoa damu, baadaye usaha. Changarawe zilikuwa zimeingia kwenye ngozi ya uso. Wakibadilisha bandeji, nilijikojolea kwa maumivu.

Daktari aliniambia, "Sikio hili halitasikia tena. Lakini utaishi."

Nikauliza Ouma yuko wapi. Akasema Ouma hakutoka stooni akiwa hai.

Wiki ya tatu alikuja mkaguzi wa migodi. "Namba inaonyesha kinavyolipuka," alisema. "Herufi inaonyesha kinaweza kukaa na nini. B na D hazikai pamoja. Fataki peke yake pengine zingemkata vidole tu. Baruti ya kando ndiyo iliyommaliza."

Mama hakuwepo mkaguzi aliposema hayo. Yeye aliamini Ouma alifanya uzembe, na alimlaumu marehemu mbele ya wageni. Siku nne nilimwacha amlaumu. Siku ya tano nikasema, "Mama, ni mimi niliyeziweka pamoja."

Kijiko cha uji kilisimama mkononi mwake.

"Wuoda," akaniita, mwanangu, "fungua mdomo."

Akaendelea kunilisha, akilia.

Mkono ulipona baada ya miezi mitano. Namshukuru Mungu, wauguzi, na mama, ambaye hajawahi kutamka kwamba amenisamehe, wala hajaniacha nilale njaa. Wewe unayetunza vitu vya hatari, ukiona alama usiyoielewa, uliza, hata kama watakucheka. Ouma angenicheka siku moja tu, halafu tungeenda kula.