Mwezi Niliowanunia Majirani

Binti yangu anayeishi mji wa Mpemba aliniletea jiko la gesi, na mafiga akayang'oa mwenyewe nisije nikayarudia. "Mama, moshi utakumaliza macho." Nilimshukuru. Mume wangu alishafariki, watoto wametawanyika, na nyumba yetu huku Mbozi, katikati ya mibuni, nimebaki nayo peke yangu. Kupika bila kukata kuni, raha iliyoje!

Lakini tangu wiki ile hakuna aliyebisha hodi. Jirani yangu, ambaye tumezeeka pamoja, haikuwa ikipita siku bila kuja. Sasa kimya. Mvua inanyesha, baridi kali, goti linauma, kanisani siendi, mlango nimefunga. Nikasema, ala! Kumbe walikuwa wakimfuata marehemu? Basi na mimi sitoki. Nikanuna. Nilinuna kwelikweli, na hakuna hata aliyejua kwamba nimenuna! Usingizi ukapotea, chakula kikawa hakipiti kooni. Nikawa nalia mchana kweupe. Mwisho nikampigia binti yangu: uzee umenizidi, njoo unichukue, nifunge nyumba nije kukaa kwako. Sikutaka kuondoka, Mungu anajua.

Siku moja kabla hajaja, nilichukua ungo wa jirani niliokuwa nimeuazima, nikampelekea. Nilitaka aone haya. Aliponiona mlangoni kwake alishika kifua.

"Wee! Umerudi lini?"

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Si ulihamia kwa binti yako? Jikoni kwako hakufuki moshi, mlango umefungwa. Nikasema huyu kaondoka bila kuniaga, mimi! Nimekununia hapa, mwenzangu, hata jina lako nilikuwa sitaki kulisikia."

Nikamweleza habari ya jiko la gesi, na kwamba nami nilikuwa nimemnunia. Tukacheka mpaka nikashika ukuta, halafu yeye akaanza kulia, nami nikafuata. Mzigo wote ule ulinitoka moyoni palepale. Akasonga ugali, tukala na maharage, na nilimaliza sahani nikaomba nyingine.

Kesho yake binti yangu akafika na kirikuu cha kubebea mizigo. Akatukuta tumekaa barazani kwangu tunapiga soga, hakuna hata mfuko mmoja uliofungwa. Maskini, alichoka.

"Mama, si ulisema uzee umekuzidi, huwezi tena kukaa hapa?"

"Nilidhani ni uzee, mwanangu," nikamwambia. "Kumbe nilikuwa nimemkosa huyu."