Kengele Kwanza, Shikamoo Baadaye

Ilianza Jumamosi, saa kumi alasiri. Babu aliitoa baiskeli yake nje, akafuta usukani kwa kanzu kuukuu, akaniambia, "Haya mama, panda nikuone."

Mama yangu amelazwa hospitali ya Kitete. Chakula cha wodini hakimpiti kooni, anataka uji wa nyumbani, na nikiupeleka kwa miguu unafika umepoa. Baba amesema nitatumia baiskeli Babu akiridhika. Asiporidhika, basi.

Babu alikuwa tarishi wa posta tangu ujana hadi alipostaafu, akipeleka simu za maandishi mji mzima. Nilipanda polepole, yeye akitembea kando yangu akisimulia.

"Siku ya kwanza Bwana Posta, mkuu wetu, alinipa kofia, baiskeli, na simu ya kumpelekea msafiri aliyekuwa stesheni ya treni. Akaniambia, 'Shika kushoto. Kabla ya kukata kona nyosha mkono, hata kama huoni mtu nyuma. Kengele ipige mapema, si ukishafika mgongoni pa mtu. Na lori usilifuate kwa karibu. Likisimama, wewe utaendelea.'"

Nilicheka. Nikanyosha mkono, nikakata kona ya sokoni vizuri kabisa.

Mara nikamwona Mzee fundi viatu, jirani yetu, akivuka. Goti likakumbuka adabu kabla ya akili. Nikafunga breki katikati ya barabara, nikashuka, nikapiga goti.

"Shikamoo, Mzee."

Lori la mapipa ya asali likafunga breki nyuma yangu, vumbi likatufunika. Utingo akachungulia. "Wee binti! Hapa barabarani au uani kwa mkweo?"

Soko zima likacheka. Mimi hata kujibu swali darasani naona haya! Babu akaichukua baiskeli, tukarudi nyumbani, machozi yakinitoka. Niliufikiria uji wa Mama.

Tulipofika mlangoni ndipo akasema, "Mimi nami siku ile nilishuka kwa kila mzee. Nikafika stesheni treni imeshaondoka na yule msafiri mwenye simu. Bwana Posta hakunigombeza. Aliniuliza tu, 'Tarishi, wazee hao wangekupenda zaidi ukiwa chini ya lori?' Tangu hapo nikawa napita kwanza, nasimama pembeni, narudi kwa miguu kusalimia. Hakuna aliyenuna. Sasa nimestaafu, vijana wanashuka baiskeli kunisalimia mimi. Sitaki salamu ya kuniulia mjukuu."

"Kwa hiyo Babu, baiskeli...?"

"Kesho Jumapili, magari machache. Amka mapema."

Asubuhi nilifunga chungu cha uji kwenye keria. Kona ileile, Mzee yuleyule! Nikapiga kengele, akanipisha, nikapita. Nikaiegemeza baiskeli ukutani, nikarudi kwa miguu, nikapiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Haya, wahi."

Kitete, Mama alionja kijiko kimoja, akakitoa mdomoni haraka. "We mtoto, unataka kuniunguza?"

Nikakaa kitandani pake, nikawa nampulizia.