Pumzi Iliyosimama Kombewa

Nakumbuka siku moja nikiwa nimekaa sebuleni kwa baba mkwe wangu kule Kombewa, nimevaa suti niliyoishona mwenyewe, nikasema uongo wa maneno manne tu. Hadi leo nikiukumbuka masikio yanapata moto. Kaa vizuri, mjukuu wangu, nikuhadithie, na hiyo simu igeuze uso chini. Nimesikia siku hizi unajifunza kupumua na kutafakari kutoka kwenye video, kila asubuhi kabla ya kazi, na mama yako ameniuliza kama kuna ubaya. Ubaya hakuna. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo zaidi ya miaka arobaini. Lakini video haikai karibu nawe ikakusikia, na mimi nilipata bahati ya kuwa na mtu aliyekaa karibu.

Nilikuwa fundi cherehani, kijana wa miaka ishirini na nane, ninaishi mtaa wa Manyatta na kushonea nguo kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini. Mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja mzee aliyefiwa na mke, tukimwita Mzee Kanji. Mkono wangu ulikuwa mzuri, watu walitoka hata Ahero kuleta vitambaa. Hasira zangu ndizo zilizokuwa mbaya, na sitakuficha. Jioni moja mke wangu Atieno aliniambia kola niliyokuwa napiga pasi imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Nikaichukua ile pasi ya makaa nikairusha ukutani. Makaa yakamwagika hatua mbili kutoka kwenye mkeka aliolalia binti yetu Awino, ambaye hakuwa amemaliza miezi minane.

Atieno hakupiga kelele. Aliokota makaa moja moja kwa koleo, akafagia, akalala na mtoto upande wa ukuta. Asubuhi akamfunga mgongoni na kwenda kwao Kombewa. Baba yake akanitumia maneno mafupi: apoe kwanza, akipoa aje na mtu mzima tuzungumze.

Mwanangu, nyumba ikinyamaza hivyo hata maji ya kunywa hayana ladha. Nikienda kazini nilikuwa nashona na kufumua. Siku ya tatu nilivunja sindano tatu kabla hata ya chai ya saa nne, na Mzee Kanji akatoka ndani na miwani yake puani, akaniangalia.

“Fundi, leo wewe navunja sindano ya nani?”

Nikamweleza yote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuwa wa ukoo wangu wala wa kanisa langu. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema tu, “Kesho kuja mapema. Mbele ya kufungua duka. Panda juu.”

Juu kulikuwa na paa la saruji, tambarare, alipokuwa akianika pilipili zake. Kumbe kila alfajiri mzee alikuwa akikaa hapo kwenye gunia lililokunjwa, miguu amekunja, macho amefumba, ziwa likianza kuonekana kule nyuma ya mabati. Alifundishwa na baba yake, na baba yake alifundishwa na babu yake huko kwao. Mimi nilitaka anipe siri. Dawa, neno la kusema, kitu cha kunywa.

“Siri gani?” akasema. “Pumua.”

Nikapumua. Nilivuta hewa kwa nguvu zote mpaka vifungo vya shati vikalalamika, nikaishikilia, nikamwangalia kwa pembe ya jicho nione kama amevutiwa. Akatikisa kichwa. “Kuvuta wewe najua sana. Kushika najua sana. Kutoa hapana jua.” Mwezi mzima akanifundisha hilo moja. Kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya nane, taratibu, bila kusukuma. Baadaye akanionyesha kuziba pua upande mmoja kwa kidole gumba, kuvuta kwa upande wa pili, kisha kubadilisha. Mwisho akaniambia niache hata kuhesabu. Nikae tu niiangalie pumzi inavyokuja na kwenda bila mimi kuiamuru. Hilo, mwanangu, ndilo gumu kuliko yote, maana mtu ukikaa kimya ndani ya kichwa chako unakuta watu wengi ajabu wanabishana.

Nilimuuliza kama hiyo ni dini yake, kwa maana mimi nilikuwa Mkristo na nilitaka kubaki Mkristo. Akacheka. “Mimi hapana kupa wewe Mungu yangu. Pumzi iko yako, Mungu iko yako. Mimi nakupa gunia tu ya kukalia.”

Sikupona kwa wiki, usidanganyike na wanaosema wiki. Ilikuwa kama mwezi wa tatu, mteja mmoja alinitukana mbele za watu kwa sababu ya mfuko wa suruali, nikahisi kifua kinapanda. Kilikuwa kikipanda siku zote, ila hapo kwanza sikuwa nakiona. Siku hiyo nilikiona kabla hakijafika juu, nikapata nafasi ya kuweka mkasi mezani. Hata sala zangu zilibadilika. Zamani nilikuwa nikimsomea Mungu orodha, amina, nasimama. Sasa nikimaliza kusema nilikuwa nabaki kidogo pale pale, nasikiliza. Nilianza kuhisi kwamba kuna mtu upande wa pili. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo.

Basi nikaona nimepoa, niende nikamchukue mke wangu. Shida ni kwamba haendi mtu peke yake kwa jambo kama hilo, na baba yangu alikuwa ameshafariki. Baba zangu wadogo wakakataa, wakasema nimejitakia mwenyewe. Mzee Kanji aliposikia, akafunga duka Jumamosi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavaa tai, akaniambia nipande pikapu. Huyo ndiye mtu mzima niliyekwenda naye Kombewa.

Tulipokewa vizuri. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na nilijua mambo ya kufumba macho juu ya paa hayatampendeza. Akaniuliza moja kwa moja, “Ni nini kimekupoza?”

Nikamwambia, “Ni maombi tu, Baba.”

“Na huyu mgeni ni nani wako?”

“Huyu ni tajiri wangu wa kazini. Amenisaidia gari.”

Mzee Kanji alikuwa ameshika chupa ya soda kwa mikono miwili. Akaiangalia, akasema polepole, “Ndiyo. Gari yangu.” Aliniokoa, mwanangu. Mimi nimemkana, naye akakaa upande wa uongo wangu nisiaibike. Baba mkwe akafurahi, akasema atazungumza na binti yake, nirudi baada ya wiki moja nichukue jibu.

Tukaondoka. Hatukuenda mbali, akasimamisha pikapu kando ya barabara na kuzima. Nilidhani injini imechemka.

“Fundi, mimi hapana kasirika juu ya jina,” akasema. “Jina yangu iko kwa mbao ya duka, kubwa. Lakini pale ndani nilikaa karibu na wewe. Mimi nasikia. Ulipoanza kusema maneno ile, pumzi yako ilisimama. Haikutoka mpaka tumepanda gari.” Akanigeukia. “Kama wewe nachukua mama ya mtoto na uongo, utashika pumzi miaka ngapi?”

Nilikasirika, nisikudanganye. Miezi yote ile ya kukaa kwenye gunia ikayeyuka pale pale. Siku mbili sikumsalimia vizuri, na suruali niliyokata Jumatatu ilitoka mguu mmoja mfupi. Jumanne alfajiri nikapanda juu kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Nikakaa. Nikajaribu kutoa pumzi kwa hesabu ya nane, ikafika tano ikakwama. Nikajaribu tena, ikakwama palepale. Ndipo nilipoelewa kwamba mzee hakunigombeza ili anifundishe adabu. Alikuwa ananionyesha mlango ambao nimeufunga mwenyewe, na mke wangu na mtoto wapo upande wa pili.

Jumamosi nilikwenda peke yangu kwa baiskeli. Nilijua naweza kuwapoteza kabisa. Jasho, vumbi, nikaingia sebuleni na hata kabla ya kupewa maji nikasema, “Baba, wiki iliyopita nilikudanganya. Yule mzee ndiye aliyenifundisha kutulia. Anakaa na kupumua kwa utaratibu wa kwao, na mimi nakaa naye kila asubuhi. Niliogopa ukisikia utaninyima watu wangu.”

Alinipa maji kwanza. Kisha akauliza, “Wanaabudu nini hapo?”

“Hatuabudu kitu, Baba. Tunakaa tu. Kusali ninasali kama kawaida, sasa hivi kuliko zamani.”

“Hebu kaa, nione.”

Fikiria hiyo aibu, mkwe mzima, nikashuka chini sakafuni mbele ya baba mkwe, nikakunja miguu iliyojaa vumbi, nikafumba macho. Nikavuta. Nikatoa. Ilifika nane bila kukwama. Baada ya muda nikasikia, “Imeanza?”

“Imeanza, Baba.”

Akangoja tena. “Ni hii tu?”

“Ni hii tu.”

“Basi si ungekaa tangu zamani,” akasema, na nilipofungua macho nikamwona Atieno amesimama kwenye mlango wa nyuma, Awino begani. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Hakuzungumza na mimi. Alizungumza na baba yake. “Baba, jibu la wiki iliyopita lilikuwa hapana. Nilikuwa nimeshamwambia Mama. Nilimchungulia dirishani. Aliongea maneno mazuri, lakini mabega yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, kama yalivyopanda siku ya pasi. Nikajua huyu bado.”

“Na leo?”

Ndipo akaniangalia. “Leo yameshuka. Nimalizie kupalilia, halafu nitakuja.”

Alikuja baada ya wiki tatu. Siku ya kwanza mjini hakwenda hata nyumbani, alikuja moja kwa moja hadi dukani, akaweka mtoto mikononi mwa Mzee Kanji na kumwambia, “Erokamano, mwalimu.” Mzee alijua maneno machache sana ya Kijaluo, lakini asante aliijua. Alimshika Awino, miwani ikaingia ukungu, na mimi nikajifanya natafuta uzi.

Mwanangu, Mzee Kanji amekwisha kufa, na kila mtu aliyewahi kuniuliza nimepata wapi utulivu nimemtajia jina lake. Kwa hiyo nenda na mazoezi yako, jifunze, kaa. Hesabu za pumzi utazipata kwenye simu na ni zile zile. Ila usiyafanye ili uonekane umetulia. Siku utakapozungumza na mtu unayempenda ukahisi pumzi imekwama, usitafute mazoezi mapya, rudi kwenye yale maneno uliyoyasema, maana hapo ndipo ulipojificha. Na aliyekufundisha mtaje, hata kama kumtaja kunaweza kukugharimu. Hasa kama kunaweza kukugharimu. Mimi ningemficha yule mzee, ningemkosa nyanya yako, na mama yako Awino angekua bila kunijua.

Mungu akupe kifua chepesi na mabega yaliyoshuka. Akupe mtu wa kukaa karibu nawe akusikie pale unapojidanganya, na moyo wa kumshukuru angali hai. Nenda, mwanangu, na unaowapenda wakuone unavyokuja, wafungue mlango.