Hori la Bi Makamasi

Sisi tuliokulia Chundwa enzi zile za redio ya betri kubwa kubwa, tulifunzwa kumshuku mtu mwenye daftari kabla hatujafunzwa alifu. Mgeni akija na mizigo, tunambebea. Akija na daftari, mchezo wa kujifichana unakufa papo hapo, na mwenye pumzi zaidi anatoka mbio akipiga ukelele: "Daftari! Daftari!" Wazee wanaacha bao, mama zetu wanafunga milango. Mamangu, Bi Zena, alikuwa na maneno yake: "Mtu haandiki jina la nti ya watu bure. Akishaiyua ndia, atarudi na wenziwe."

Na tulikuwa na cha kuficha, wallahi. Nyuma ya kijiji kuna hori, mkono mwembamba wa bahari unaoingia mikokoni. Sisi tukiliita Chazani, kwa sababu maji yakitoka wanawake walikwenda pale kubandua chaza kwenye mizizi. Tulifuatana nao, tope magotini, tukikwaruzwa miguu na kucheka ovyo. Jioni chaza wanachomwa kwenye makaa mpaka wanafunguka wenyewe, unakamua ndimu, unakula na mkate wa mofa wa moto. Watoto wa leo ukiwapa chaza wananusa kwanza, kisha wanauliza kama kuna chipsi.

Siku moja nilikuwa kando ya hori na binamu yangu Maryamu, ambaye pua yake ilitiririka masika na kiangazi. Akatokea bwana mmoja wa kofia pana, daftari mkononi, akaniuliza kwa upole mahali hapa panaitwaje. Nilikuwa na miaka minane. Nikamtazama Maryamu, nikajibu bila kupepesa: "Kwa Bi Makamasi." Yule bwana akaandika, akanisomea herufi moja moja ahakikishe, akashukuru. Tuliangua kicheko hata Maryamu akakaa topeni. Nilipomhadithia mama, nilitarajia kofi kwa kusema uongo. Akanikatia kipande kikubwa cha mofa.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu Mkomani, nikala vumbi la chaki mpaka mvi zikaota. Kisha nikaacha kazi, nikaingia ofisi moja ya mambo ya mazingira, wale wanaoandika mipango ya kuhifadhi mikoko. Watu walidhani nimerogwa. Ukweli ni kwamba niliwashuku wale watu, na nikaona heri niwe mule mule chumbani wanamoandikia. Mama aliposikia aliuliza, "Kwa hiyo sasa daftari ni wewe?" Iliniuma, sikufichi. Hata leo nikikaa kwenye mikutano yao ya chai na biskuti, mkoba wangu hauachi magoti yangu.

Mwezi uliopita wakanipa rasimu ya mpango niipitie. Ukurasa wa mwisho una ramani, na chini yake maneno haya: Kwa Bi Makamasi, hori lisilo na watumiaji, lifungwe kabisa. Nikaipekua rasimu nzima. Chazani haikuwamo popote. Mtu aliwauliza wanawake wa Chundwa kama wanakwenda Kwa Bi Makamasi, nao wakajibu kwa haki kabisa kwamba hawapajui.

Nikaenda Chundwa na ramani kwapani. Mama, ambaye sasa anatembelea mkongojo, aliuliza kwanza nani kanituma. Nilipomsomea lile jina alicheka mpaka machozi, kisha kicheko kikakatika. "Basi mwanangu umetufungia mlango kwa ulimi wako," akasema. "Kaufungue."

Mkubwa wangu ofisini alinisikiliza akichezea kalamu. Jina, akasema, haliwezi kubadilishwa kwa sababu mtu mmoja anakumbuka utoto wake. Nilete ushahidi wa wazee na wa vijana, wote wataje jina moja. Sikumwamini, lakini nilikwenda. Wazee hawakunisumbua: Chazani, Chazani, Chazani, wakatia vidole gumba kwenye daftari langu. Nikawaendea wasichana watatu waliokaa ukingoni mwa hori wakijipiga picha.

"Wanangu, hapa panaitwaje?"

Mmoja hakuinua hata kichwa. Aliugusa uso wa simu yake, akasoma. "Kwa Bi Makamasi, ticha. Iko kwa ramani."

Nikawachunguza nyuso zao mmoja mmoja, nikitafuta lile shavu linalovimba kwa kicheko kilichozuiwa. Sikuliona. Hawakuwa wakinidanganya, masikini. Sisi tulidanganya wageni, lakini kila jiwe la pale tulilijua kwa jina lake. Hawa wanasema kweli tupu, na maji yale yanayopita hatua tatu kutoka miguuni mwao hawayajui. Na hakuna aliyenishuku, mtu mzima na daftari lake. Hilo ndilo lililonivunja moyo zaidi.

Nikafungua daftari. Kwenye nafasi ya vijana, pale panapoulizwa wao wanapaitaje, nikaandika: Chazani. Kisha nikawaomba watie sahihi, nao wakatia bila kusoma.

Nilipomhadithia mama safari hii, hakucheka. Alinyanyuka akaenda jikoni na mkongojo wake, akarudi na kipande cha mofa.